Hodi ya Tatu

Kila asubuhi, wazee wakishamaliza uji wao wa shayiri, kiigizi kipya kilitoka kwenye lifti ya Nyumba ya Alasiri kimebeba beseni la maji ya vuguvugu, na hakuna tone lililomwagika. Kilikuwa na kimo cha mwanamke wa kawaida. Ngozi yake ilikuwa mpira wa rangi ya majivu, na mahali pa uso palikuwa na kioo cheusi kisichoonyesha chochote. Hakikuwa na sauti, kwa sababu kampuni iligundua mapema kwamba wazee wanaogopa mashine zinazoongea. Lakini mikono yake ilikuwa jambo jingine kabisa. Ilipima joto la maji kwa kiwiko, kama mama anayeogesha mtoto mchanga. Ilijua kuinua kisigino chenye kidonda bila kumwamsha mwenye kisigino. Ilimfunika mtu shuka kwanza, ndipo ikamvua nguo, ikamwosha chini ya shuka sehemu moja moja, ili asione haya hata mbele ya mashine.

Tatizo lilikuwa mlangoni. Kiigizi hakikuingia.

Kilifika mbele ya chumba, kikaweka beseni chini, kikasogea kando ya mlango na kuupa mgongo kidogo, kana kwamba ndani kuna kitu kisichopaswa kuonekana. Kisha kiligonga ubao kwa kifundo cha kidole, kikangoja. Kikagonga tena, kikangoja. Kikagonga mara ya tatu, kwa kishindo kidogo zaidi, halafu kikainama, kikachukua beseni lake na kuondoka polepole kama mtu asiyetaka kusumbua. Wazee waliita kutoka ndani kwa lugha ya kwao: ingia, njoo, unangoja nini. Wengine walitukana. Kiigizi kiliondoka vilevile, na mzee akabaki na uchafu wake. Ilibidi mhudumu akishike mkono na kukivuta ndani kama bwana harusi mwenye haya, na hata hapo, kilipofika kwenye kizingiti, kiliinama kikapitisha vidole nyuma ya visigino vyake, cha kulia halafu cha kushoto, ndipo kikaanza kazi.

Mhandisi Edvin, mkuu wa maabara ya kampuni, aliyaita yote hayo kwa jina moja: kasoro ya kizingiti. Viigizi vya aina hii vilikuwa vimeshaagizwa na nyumba za wazee za nchi nzima, vimepangwa ghalani vikingoja kasoro hiyo iondoke. Na kwa kuwa wahandisi wake wote walikuwa wameshindwa, Edvin aliamua kumjaribu mwanafunzi mgeni ambaye hakuwa na cha kupoteza ila nchi yenyewe.

Mwanafunzi huyo alikuwa Hidaya Shechambo, mtu wa Korogwe, aliyemaliza shahada yake ya uhandisi wa akili mnemba katika chuo kikuu cha mji huo wa Halvik, mji wa kaskazini ambako jua la majira ya baridi linatokea kwa kusitasita na kuondoka bila kuaga. Mkononi alivaa bangili ya ukaazi kama wageni wote. Ya mwanafunzi ilikuwa nyeupe. Siku ya mahafali, wenzake wakirusha kofia, bangili ya Hidaya ilibadilika ikawa ya manjano, na tangu siku hiyo hakuwahi kula chakula akasikia ladha yake.

Manjano ilimaanisha kwamba Sheria ya Upekee imeanza kumhesabia siku. Sheria hiyo haikuwa ndefu. Mgeni aliyehitimu aliruhusiwa kubaki iwapo mwajiri angeapa kwamba ndani ya mgeni huyo kuna jambo ambalo mashine bado haijaliweza. Siku mashine itakapoliweza, ruhusa imekwisha. Wanasheria waliisifu kwa uwazi wake. Walichosahau kutaja ni kwamba hakukuwa na njia ya kuonyesha jambo hilo isipokuwa kulifundisha. Mgeni alivaa fulana sikivu, vazi jembamba linalosikiliza misuli, pumzi, sauti na hata kusita kwa mtu, akafanya kazi yake nalo kila siku, na kutokana na yaliyosikika akili ya kiigizi ikafumwa. Kwa hiyo kila siku ya kazi njema ilimlia mtu sababu ya kubaki. Chisomo wa Malawi, aliyechora madaraja kwa mkono kuliko yeyote darasani, alidumu majira mawili ya baridi. Farzana, daktari wa macho, hakudumu hata moja.

Hidaya aliyajua hayo yote na bado aliitaka hiyo kazi. Mama yake, Bi Saumu, alikuwa keshautangazia mtaa mzima wa Manundu kwamba mwanawe ni mhandisi wa roboti ng'ambo. Kila simu ilianza na salamu za watu wanaomwulizia, na Hidaya hakuwa na moyo wa kusema kwamba huyo mhandisi bado ni mtu anayezunguka na bangili ya manjano akibisha ofisi baada ya ofisi. Kurudi hakukumtisha kwa sababu ya Korogwe. Kulimtisha kwa sababu ya nyuso za watu pale stendi.

Waliishi wawili, yeye na dada Mwantumu Kibwana, mwenyeji wa Pangani. Mwantumu ndiye aliyempokea stesheni siku ya kwanza akiwa ameshika koti la ziada, kwa kuwa alijua kwamba wasichana wa kwetu hufika na vijisweta. Hakumsalimia kwanza. Alilishika lile koti wazi mbele yake, akamwambia, "Ingiza mkono, mdogo wangu, salamu zitafuata." Bi Saumu alipozungumza naye kwenye simu jioni ile alisema, "Nimekukabidhi mwanangu," na Mwantumu aliyachukua maneno hayo kama amana.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee. Zaidi ya hapo hakusema, na mkataba wake haukumruhusu. Bangili yake ilikuwa imeiva kupita manjano, imekaribia nyekundu, na ilikuwa hivyo kwa miaka. Hidaya alipomwuliza inawezekanaje, alicheka.

"Chungu kimeshapakuliwa chote. Mimi nakwangua ukoko."

"Na ukoko ukiisha?"

"Ukoko wangu mgumu. Watakwangua sana."

Jambo moja la Mwantumu lilimchekesha Hidaya. Ijapokuwa nyumba ilikuwa ya watu wawili na kuta zake nyembamba, hakuingia chumbani kwa Hidaya bila kubisha. Alisimama kando ya mlango, akaupa mgongo kidogo ili asione ndani hata kwa bahati mbaya, akagonga, "Hodi," akangoja. Alipokaribishwa alivua ndala zake kizingitini.

"Dada, tuko wawili tu. Hodi ya nini?"

"Chumba cha mtu ni chumba cha mtu."

Siku Hidaya alipoleta habari kwamba Nyumba ya Alasiri imempa nafasi ya majaribio, Mwantumu alikuwa jikoni akikoroga mchuzi wa nazi ya kopo. Hidaya alieleza kwa furaha: kuna kiigizi chenye kasoro, akiiondoa wataapa kwa ajili yake.

"Kasoro gani?" Mwantumu aliuliza.

"Sijaonyeshwa. Kitu cha mlangoni."

Mwantumu alipunguza moto. Aliukoroga mchuzi mpaka ukaacha kutokota.

"Wakikuuliza usichokijua," alisema mwishowe, "sema hujui. Siyo dhambi."

"Lakini nikijua?"

"Utakuwa umejua, basi. Lete sahani."

Hidaya alilala na furaha yake. Baadaye aliyarudia mazungumzo hayo mara nyingi sana, kama mtu anayepapasa mfuko ule ule akitafuta ufunguo ambao anajua haumo.

Asubuhi iliyofuata Edvin alimpokea kwenye korido ya ghorofa ya pili. Alikuwa mzee wa mvi, mpole, aliyetaka kuitwa Edvin kavu bila cheo, na Hidaya hakuwahi kuzoea kumwita mtu wa umri wa babu yake kwa jina tupu.

"Tumejaribu kuikata kasoro," Edvin alisema. "Tuliiondoa kwenye akili yake yote. Kikaingia vyumbani bila shida. Lakini mikono ikaharibika. Kikawa kinaosha watu kama vyombo."

"Kwa nini?"

"Hatujui. Inaonekana upole na ule usumbufu wa mlangoni vina mzizi mmoja. Ukiung'oa mmoja na mwingine unatoka. Kwa hiyo hatutaki tena kukata. Tunataka kukamilisha. Kuna kitu kinangojewa pale, na mwalimu wake hakukimalizia."

"Mmemwuliza mwalimu wake?"

"Mara nyingi. Anasema hajui. Pengine ni kweli, mwili wa mtu unafanya mengi bila kumwambia mwenyewe." Aliinua mkono. "Kile pale, kinakuja."

Lifti ilifunguka. Kiigizi kilikuja na beseni lake, kwa hatua fupi fupi za kuvuta kidogo mguu wa kushoto, na kabla hakijafika popote Hidaya aliikazia macho ile miguu. Mwendo ule aliujua. Alikuwa ameusikia asubuhi hiyo hiyo ukienda jikoni kuweka birika.

Kilisimama mbele ya chumba cha Bi Marta, mzee asiyeweza tena kugeuka kitandani. Kiliweka beseni chini. Kilisogea kando. Kiligeuza mgongo.

Kikagonga.

Hidaya aliutazama ule mgongo wa mpira wa majivu, bega moja likiwa juu kuliko jingine, na akaelewa. Aliyaelewa yote kwa mara moja: ukoko mgumu, mchuzi uliopunguziwa moto, sema hujui. Alitaka kuondoka. Alitaka kusema anaumwa. Lakini alikuwa mtoto wa Bi Saumu, aliyelelewa katika nyumba ambayo mtu akibisha hodi, aliyeko msalani anaitikia kutoka msalani, na aliye sijidani anaharakisha dua. Tangu azaliwe hakuwahi kumwacha mtu agonge akafika mara ya tatu.

Kikagonga tena.

"Karibu," Hidaya alisema. "Karibu, pita."

Kiigizi kiligeuka. Kiliinama kizingitini, kikavua ndala ambazo hakikuwa nazo, kikachukua beseni na kuingia. Muda si mrefu walimsikia Bi Marta akilia kwa raha, kilio cha mtu aliyekunwa mahali asipofikia.

"Umekiambia nini?" Edvin aliuliza.

"Nimemkaribisha."

"Nani?"

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Neno moja lingeweza kubaki neno, wahandisi wakahangaika nalo msimu mzima. Lakini Edvin alimtazama kwa heshima ambayo hakuna mtu wa Halvik aliyewahi kumtazama nayo, na Hidaya alikuwa amechoka kuwa mtu wa kubisha ofisi za watu. Akaeleza. Alieleza kwamba kwao mtu hafungui mlango wa mwenzake mpaka aitikiwe, kwamba anasimama kando ili macho yasitangulie miguu, kwamba viatu vinabaki nje, kwamba akibisha mara tatu asiitikiwe anajua hakuna mtu au hatakiwi, na anaondoka bila kinyongo. Alieleza vizuri, hata akatabasamu mahali fulani. Edvin alirudia neno lile kwa ulimi mzito mpaka akalipata.

Bangili ya Hidaya ikawa ya kijani, rangi ya ruhusa, pale pale koridoni.

Alipofika nyumbani, Mwantumu alikuwa amekaa sebuleni na koti lake mwilini, mikono magotini. Bangili yake ilikuwa nyekundu. Hidaya alisimama mlangoni na hakujua kama bado ana haki ya kuingia.

"Umekiitikia," Mwantumu alisema.

"Dada, mdomo ulitangulia."

"Najua. Hata mimi ningeitikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba usile ili mimi nile?" Aliitazama mikono yake. "Na mwalimu akijitaja anaondolewa siku hiyo hiyo. Nilisema moyoni, pengine Mungu atakufumba mdomo. Halafu nikaona aibu kuomba dua ya namna hiyo."

Hidaya alikaa sakafuni karibu na miguu yake. Mwantumu alimweleza bila hasira, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Zamani, alipoanza kufundisha, alikuwepo bibi mmoja aitwaye Solvei ambaye alipenda kuambiwa habari za Pangani. Mwantumu alimfundisha kuitikia hodi, na bibi huyo alisema karibu kila asubuhi mpaka alipofariki. Baada yake hakuna aliyeitikia tena, na Mwantumu hakumfundisha mwingine. Aliendelea kugonga na kungoja, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, fulana ilisikia kungoja tu. Alipogundua kwamba wahandisi hawaelewi kinangojewa nini, alijua amepata ukoko wake.

"Kila kitu kingine walichukua. Namna ninavyokamua kitambaa. Namna ninavyomgeuza mtu. Ulikuwa umebaki ule mlango, nikawa naishi hapo."

"Nitawaambia nimekosea."

"Utawaambia mashine iache kujua?" Alimshika Hidaya kichwani, akauondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria. "Gari la idara ya uhamiaji linakuja asubuhi. Nenda kalale."

Hidaya hakulala. Kulipokucha alisikia sanduku likiburutwa, birika likizimwa, bomba likifungwa. Kisha ndala zikaja mpaka mlangoni kwake zikasimama.

"Hodi."

Alikaa kitandani. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini kila alilolifikiria lingetoka kwa mtu aliyevaa kijani akimwambia aliyevaa nyekundu. Aliona haya. Ni haya tu, hakuna jina jingine la kuipamba.

"Hodi, Hidaya."

Alijua Mwantumu amesimama kando, amegeuza mgongo, ameinamisha kichwa kidogo kusikiliza. Kati yao kulikuwa na ubao mwembamba kuliko kitabu. Akafungua mdomo, na mdomo ambao jana ulitangulia leo ulikataa kusema.

"Hodi," mara ya tatu, kwa sauti ndogo zaidi.

Halafu ndala zikaondoka polepole, mguu wa kushoto ukivutwa kidogo, kama za mtu asiyetaka kusumbua.

Majira ya baridi yalipofika, Nyumba ya Alasiri ilikuwa imejaa viigizi vya Mwantumu. Wazee walifundishwa lile neno, na kila asubuhi korido nzima ilisikika ikisema karibu, karibu, kwa lafudhi za kila namna, na mashine zikainama kuvua ndala zisizokuwepo. Bi Marta alilisema vizuri kuliko wote. Wageni waliokuja kutembelea walisema nyumba hii ina utu.

Hidaya alipewa chumba cha kazi mwisho wa korido na fulana yake sikivu. Sasa alikuwa mwalimu. Alifundisha kazi ya kutafuta kasoro: namna anavyosikiliza mashine, namna anavyokisia, mahali anapotilia shaka. Fulana ilikuwa na tabia moja. Ilipokamata jambo jipya ilipata joto mabegani, joto la mkono wa mtu. Mwanzoni ilipata joto kutwa nzima. Kadiri siku zilivyokwenda ikawa inapoa, na wahandisi wa zamani walimnong'oneza kwamba huo ndio mwendo wake, mtu anajiona akipakuliwa. Lakini bangili ilibaki kijani, na sababu yake ilimshangaza hata Edvin.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa wazee, kile kiigizi cha kwanza kilikuja chumbani kwa Hidaya kuchukua somo. Kilisimama kando, kikageuza mgongo, kikagonga. Naye hakuitikia. Wahudumu walipobisha aliwakaribisha. Edvin alipobisha alimkaribisha. Viigizi vingine vilipobisha alivikaribisha. Hiki cha kwanza, chenye bega lililopanda, kiligonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikaondoka, na Hidaya akabaki amekaa mbele ya meza yake.

"Akili yake inatabiri kila siku kwamba utakiitikia," Edvin alimwambia. "Kila siku inakosea. Ndicho kitu pekee ndani yako ambacho imeshindwa kukisoma. Kwa nini hukiitikii?"

"Sijui," Hidaya alisema.

Edvin alimtazama kwa makini. Jibu hilo aliwahi kulisikia mahali.

Na hivyo ndivyo Hidaya alivyoendelea kukaa Halvik. Wenzake waliohitimu pamoja naye waliondoka mmoja mmoja, na yeye akabaki, kwa sababu kila asubuhi kulikuwa na mtu mlangoni ambaye hakumkaribisha. Aliacha kukaa nyumbani siku za mapumziko. Hakuweza kupita kwenye mlango wa chumba chake bila kwanza kutazama kama kuna ndala.

Asubuhi moja ya theluji Bi Saumu alipiga simu mapema, Hidaya akiwa tayari kazini na fulana mwilini. Sauti ya mama ilitoka kwenye kipaza sauti cha mezani ikajaza chumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wote wazima. Mwantumu alipita."

Hidaya aliacha alichokuwa akifanya. "Alipita lini?"

"Wiki iliyokwisha, akienda Tanga. Ameniletea kanga, kakaa kidogo tu. Nikamwuliza habari zako, kasema hujambo, unafanya kazi nzuri. Hakusema neno baya. Ila mtu yule kabadilika. Nilimpa mtoto wa kaka yako ampakate, akakataa. Mikono kaificha chini ya kanga tangu alipoingia mpaka anaondoka. Hata chai hakunywa. Nikadhani bado ana baridi ya huko."

Nje, koridoni, hatua fupi fupi zilikuwa zinakuja, moja ikivutwa. Zikasimama.

Kifundo kikagonga mlango.

"Una mgeni," mama alisema.

"Ni mambo ya kazi, mama. Endelea."

Kikagonga tena.

"Hidaya, mtu anabisha. Mbona kimya?"

"Ataondoka mwenyewe."

"Ataondoka?" Bi Saumu alisikika akiweka kitu chini. "Tangu lini mtoto wangu anamwacha mtu mlangoni kama mbwa?" Na kifundo kilipogonga mara ya tatu, kwa kishindo kile kidogo, mama aliinua sauti kutoka Korogwe, sauti ile ile iliyoitikia kila aliyewahi kupita uani kwake. "Karibu, mwanangu. Karibu ndani, pita."

Mlango ukafunguka. Kiigizi kiliinama kizingitini, kulia halafu kushoto, kikaingia na kusimama mbele ya meza, viganja vimekutana. Kilikuwa hakijawahi kuingia humo.

"Kaingia?"

"Kaingia."

"Ni nani?"

Hidaya alikitazama. Angeweza kusema ni mashine, na lingekuwa jibu la kweli. Fulana isingesikia lolote jipya, bangili ingebaki ilivyo, na kesho kingegonga tena na yeye angenyamaza tena, hata uzeeni. Aliyajua hayo vizuri kabisa. Alijua pia kwamba vazi lililo mwilini mwake linasikiliza.

"Ni dada Mwantumu."

"Mwantumu si karudi kwao? Nimekwambia alipita hapa."

"Alirudi, mama. Na yuko hapa." Mabega yake yakaanza kupata joto. "Siku anaondoka alibisha hodi chumbani kwangu. Nilikuwa macho. Mimi ndiye niliyemwondosha, na alipokuja kuniaga sikumwitikia. Akagonga mpaka ya tatu, akaenda zake. Tangu siku hiyo siwezi kumwitikia. Naona haya, mama."

Joto lilikuwa limeenea mgongo mzima. Kwenye kifundo cha mkono, kijani cha bangili kiliingia ukungu, kikaanza kuiva kuelekea manjano.

Mama hakuwa ameelewa yote, lakini aliyaelewa ya kutosha.

"Basi msalimie," alisema. "Umemweka nje siku nyingi."

Hidaya alisimama. "Shikamoo, dada," alisema.

Kioo cheusi hakikuonyesha chochote. Kiigizi kilikaa kidogo, kisha kikageuka, kikaenda kwenye kulabu nyuma ya mlango, kikalishusha koti la Hidaya na kurudi nalo. Kililishika wazi mbele yake kama siku ile stesheni, mabega ya koti yakiwa yameinuliwa, kikangoja.

Hidaya akaingiza mkono mmoja, halafu wa pili.